Masuda na Watu wa Dol

Kisa cha Samsoni na wapwa wawili kilikuwa cha Masuda binti Zahor kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu moja tu: hakuna mwengine aliyekitaka. Alikileta Dubai kutoka Ufaransa pamoja na vitabu vyake na koti la mvua ambalo hakupata kulivaa tena. Akakihifadhi moyoni kama mwanamke aliyeachika anavyohifadhi dhahabu ya arusi yake. Haivai, lakini akiikumbuka anajua kuwa naye aliwahi kuwa na kitu.

Masuda alizaliwa Dubai, na wazee wake walitoka Unguja. Umri wake ulikuwa umeshapita arubaini na tano. Aliolewa, akaachika, hakuzaa, na sasa alikaa Rashidiya na mama yake, na kila asubuhi alipanda metro kwenda kuwasomesha Kifaransa watoto wa skuli moja ya binafsi ambao wengi wao hawakukitaka hicho Kifaransa. Alikuwa mtu wa kimya. Wenzake walimheshimu, walimkumbuka ilipotakiwa barua nzuri, na walimsahau ilipopangwa safari.

Ujanani alipata nafasi ya kusoma Ufaransa. Chuo kilichomkubali kilikuwa Rennes, katika Bretania, ile pembe ya magharibi inayoingia baharini. Alikwenda kusoma lugha, akakutana na historia. Akajifunza kwamba Wabretoni ni watu waliovuka bahari zamani sana, kutoka kisiwa cha Britania, wakaihamia pembe ile na kuipa jina lao. Na kwamba baada ya muda watawa wao walikaa wakaandika maisha ya wazee wacha Mungu waliowaongoza kuvuka. Masuda aliposoma hayo aliwaona watu wa kwao. Rashidiya kila nyumba ilikuwa na babu aliyevuka bahari, na kila babu, kadiri miaka ilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kuwa mkubwa. Aliyekuwa karani akawa msaidizi wa liwali, na aliyekuwa msaidizi wa liwali akawa liwali mwenyewe.

Mzee wa watu wa mji wa Dol aliitwa Samsoni. Kitabu cha kale kabisa cha maisha yake kiliandikwa na mtawa ambaye kwanza alieleza alivyoipata habari: aliisikia kwa mzee mmoja, na mzee yule aliisikia kwa mjomba wake aliyekuwa jamaa wa Samsoni, na mjomba aliisikia kwa mama yake Samsoni mwenyewe. Masuda alimpigia simu mama yake kumwambia kuwa hawa watu nao wana isnadi. Mama yake akamuuliza kama anakula vizuri.

Katika kitabu kile Samsoni ni askofu, basi. Lakini katika karne ya tisa watawala wa Wabretoni walikuwa wanagombana na wafalme wa Wafaranki, na watu wa Dol wakachoka kuwa chini ya askofu mkuu wa Tours, mji wa Wafaranki. Kikaandikwa kitabu kipya, na ndani yake Samsoni alikuwa askofu mkuu tangu zamani. Ikiwa mwanzilishi alikuwa mkuu, basi na waliokalia kiti chake ni wakuu, na Tours haina la kuwaambia. Ugomvi huo ulikwenda zaidi ya miaka mia tatu, mpaka mwaka 1199 Papa alipoamua kuwa Tours ndiyo yenye haki.

Mwalimu wa Masuda aliwauliza wanafunzi wake kama watu wa Dol walikuwa waongo. Masuda aliandika kurasa mia moja kujibu kuwa hapana. Walikuwa na wivu, aliandika, na mwenye wivu haoni kama anasema uongo. Huona anarudisha kitu mahala pake. Walimu waliisifu kazi ile. Alitaka kuendelea na shahada ya udaktari, lakini baba yake alipigwa na kiharusi, akaitwa nyumbani, na khalas, yakaishia hapo.

Mtu wa pili katika habari hii ni Lamees, mke wa Mundhir, na Mundhir ndiye ndugu pekee wa Masuda. Lamees alizaliwa na kukulia Unguja, akaletwa Dubai akiwa biharusi. Alikaa Mirdif, aliendesha gari lake mwenyewe, na alipofungua mdomo wazee walisogea karibu. Kiswahili chake kilikuwa na maji, kikitiririka chenyewe. Masuda alikisema Kiswahili cha sawasawa, hakikuwa na kosa, lakini kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekipokea nyumbani kama urithi na kuogopa kukivunja. Tangu siku ya arusi alipomsikia Lamees akimtania bibi mmoja wa mlangoni, na bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka, Masuda alijua kuwa kuna kitu amenyimwa. Kijiba cha roho kilianza siku hiyo, ila alikifunika vizuri, na wala Lamees hakumpa sababu ya kumchukia. Hilo nalo lilimuuma.

Siku moja walikwenda wote wawili Deira kutafuta vitambaa vya mapazia. Wakati wa kurudi barabara ilijaa, magari yakasimama. Lamees akapiga miayo na kusema, "Wifi, nihadithie japo habari za hao Wafaransa wako. Nitalala na usukani mkononi."

Masuda akamhadithia kisa cha wapwa wawili. Samsoni alipokuwa kijana alisoma ng'ambo, katika nyumba ya watawa ya mzee mmoja mwenye elimu kubwa. Mzee yule alikuwa na wapwa wawili waliokuwa wakingoja kuirithi nyumba ile. Wakaona mjomba anavyompenda huyu mgeni, wakaingiwa na hofu, na mmoja wao akamtilia sumu katika kinywaji. Samsoni akanywa, asidhurike hata chembe. Mpwa mmoja akatubu. Wa pili alishikwa na wazimu mbele za watu, na aliyemwombea akapona ni Samsoni yule yule. Lamees alicheka mpaka akafuta machozi, akauliza hili na lile, na Masuda alishuka garini siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na hitima nyumbani kwa Bi Huda, mzee wa wanawake wa Kizanzibari wa pale Rashidiya, kwa ajili ya dada yake marehemu. Wanawake walisoma, wakamaliza, na biriani ilikuwa bado haijafika kutoka kwa mpishi. Masuda alikuwa jikoni akikata vitunguu vya kachumbari. Kutoka ukumbini akaisikia sauti ya Lamees.

"Nyie, njaa isitutoe roho. Nikuhadithieni kisa cha mtu na wapwa zake."

Akaanza. Mtawa akawa mcha Mungu wa watu wa Kitabu, nyumba ya watawa ikawa chuo, na wapwa walikuwa wapwa kama wanavyojulikana: wamekaa upenuni, wanahesabu milango ya nyumba ambayo mwenyewe hajafa. Lamees alimwigiza yule mpwa akikoroga sumu huku akimsifu mgeni kwa adabu zake. Mwanamke mmoja akasema, "Huyo mpwa namjua mimi, anakaa Sharjah," na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata biriani ilipoingia, waliiambia ingoje.

Masuda alisimama na kisu mkononi. Hakuna kilichokosewa. Lamees alikuwa ameanza kwa kusema, "Kisa hiki kanipa wifi yangu Masuda," na pale mwisho alimwita atoke jikoni aje apigiwe makofi. Masuda alichungulia, akatabasamu, akarudi kwenye vitunguu. Macho yalikuwa yanamwaga maji na alishukuru kuwa vitunguu vipo. Miaka yote ile alidhani kisa hakina watu wa kukisikiliza. Kumbe watu walikuwepo tele, wamekaa sebuleni kwa Bi Huda, na waliyekuwa wakimngoja si yeye.

Basi ikawa mtindo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanawake walikutana kwa Bi Huda baada ya Alasiri, wakanywa kahawa kwa halua, na Lamees alisimulia. Siku chache kabla yake humpigia simu Masuda kuomba kisa. Masuda alimpa habari za mfalme Salomoni wa Wabretoni, aliyemuua binamu yake kanisani ili atawale, naye baadaye akauawa na watu wake mwenyewe. Alimpa habari za watawa waliowakimbia Wanormani huku wamebeba mifupa ya mzee wao. Kila alipoweka simu chini alijiapiza kuwa ni mara ya mwisho. Lakini simu ile ilikuwa ndiyo simu pekee ambayo mtu humuuliza anachokijua, na mwezi ukikaribia kwisha alijikuta anaweka simu karibu na mkono.

Lamees kila mara alimtaja. Mwanzoni alisema, "Haya kanipa wifi yangu, aliyesoma Ufaransa." Baadaye ikawa, "Wifi yangu anasema." Baadaye tena hakukuwa na haja ya kusema kitu, kwani wote walijua, na kwa kuwa wote walijua, wote walisahau. Watu wakaanza kuviita visa vile visa vya Lamees. Mmoja alimsimamisha Masuda pale dukani Rashidiya akamwambia, "Wifi yako ana hazina kichwani, nyinyi hamjui mlichonacho." Masuda akasema ni kweli, akalipa mkate wake, akatoka. Alipofika nyumbani aligundua kuwa mkate ameuacha dukani.

Mwezi mmoja Lamees alikuwa Unguja kwa msiba, na Bi Huda akamwomba Masuda ashike nafasi. Masuda alijitayarisha kwa siku nyingi. Aliamua kuwapa kilicho bora, ugomvi wa Dol na Tours, kwa mpango wake wote: kitabu cha kwanza kinasema nini, cha pili kimeongeza nini, na kwa nini. Alizungumza vizuri. Wanawake walimsikiliza kwa adabu kubwa, adabu ile ambayo msemaji yeyote huitambua na kuiogopa. Mmoja alisinzia. Alipomaliza, Bi Huda akamshukuru, kisha akauliza, "Na yule mpwa aliyetia sumu, hayumo humu?"

"Hayumo, Bi Huda. Hii ni baada yake, miaka mia tatu."

"Basi haidhuru, mwanangu. Lamees akirudi atamtia."

Walicheka wote, na hawakucheka kwa ubaya. Masuda alicheka pamoja nao. Usingizi ulimkosa siku ile, na si kwa aibu. Alikuwa anafikiri ni kitu gani hasa Lamees anacho. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi; mwizi hushitakiwa. Lamees alichukua alichopewa, na mikononi mwake kikawa hai.

Baada ya mwaka mmoja Bi Huda alileta shauri. Wajukuu zao hawakisomi Kiswahili, wanakisikia tu. Visa hivi viandikwe, vichapwe kitabu chembamba, wagawiwe. Mundhir alikuwa na rafiki mwenye duka la uchapaji Deira. Lamees akaandika kama anavyosema, na alipomaliza akamjia Masuda na karatasi zake Rashidiya, akakaa sakafuni karibu na mama mkwe wake, akasema, "Wifi, mimi nimeropoka tu. Wewe ndiye msomi. Hakiki majina, kisha niandikie dibaji. Sitaki mwengine."

Masuda alihakiki. Makosa yalikuwa machache na madogo. Kisha akakaa mezani kuandika dibaji. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli: Bretania iko wapi, na Wabretoni ni nani. Ya pili pia. Ya tatu ilitakiwa ieleze visa hivi vilianza vipi kusimuliwa pale Rashidiya, na hapo kalamu ikasita.

Aliandika: "Visa hivi alianza kuvisimulia wifi yangu Lamees nyumbani kwa Bi Huda, siku ya hitima." Akaisoma. Ilikuwa kweli. Akaiona inamtazama kama mlango uliofungwa naye yuko nje. Je, kisa hakikutoka kwake? Lamees angesimulia nini kama yeye asingekaa miaka ile katika mvua ya Rennes? Akaifuta. Akaandika: "Visa hivi vilianza kusimuliwa nyumbani kwa Bi Huda." Hiyo nayo ilikuwa kweli, ila haikuwa na mtu ndani. Nyumba tupu hutaka mwenyewe. Akaandika tena: "Nilipoanza kuwasimulia akina mama visa hivi nyumbani kwa Bi Huda, wifi yangu Lamees alikuwa mwanafunzi wangu wa mwanzo, na aliyoyasikia kwangu ameyaandika hapa kwa kalamu yake."

Aliiangalia sentensi ile kwa muda. Alijua barabara alichokifanya. Ulimwenguni kulikuwa na watu wachache waliokijua kitendo kile vizuri kuliko yeye. Alikiandikia kurasa mia moja. Watu wa Dol hawakumzua Samsoni, Samsoni alikuwepo. Walimpandisha daraja moja tu. Naye aliwahi kusimulia pale kwa Bi Huda, alisimulia, mara moja. Alichokifanya ni kuisogeza mara ile nyuma kidogo, ikakaa mwanzo. Na alikiona kile ambacho katika kurasa zote zile alikikisia tu: haikuwa na ladha ya uongo. Ilikuwa na ladha ya haki. Akaipeleka dibaji kwa Lamees jioni ile ile, kabla moyo haujageuka.

Lamees alipiga simu kesho yake.

"Wifi, nimeisoma dibaji."

"Umeionaje?"

"Nzuri. Kiswahili chake kizuri. Mimi nilikuwa mwanafunzi wako?"

"Kwani sikukufundisha?"

"Ulinifundisha. Ndani ya gari."

"Basi."

Masuda alikuwa ameshapanga hoja zake zote. Alikuwa tayari kwa ugomvi. Alikuwa anautaka, kwa sababu katika ugomvi angeyasema ya miaka yote. Lamees akasema tu, "Haya wifi," akamsalimia mama, akakata simu. Dibaji ikaenda Deira kama ilivyokuwa. Mundhir alimpitia dada yake siku ya kuchukua vitabu, akampa kimoja cha mwanzo, akasema kwa fahari kuwa Lamees amekataa hata nukta moja ya dibaji isiguswe. Masuda akamuuliza kama Lamees amesema kitu kingine. Mundhir akasema hapana, mkewe siku hizi mchovu tu, haongei sana.

Siku ya kukitoa kitabu, nyumba ya Bi Huda ilijaa. Mabinti walikuja, wajukuu walikuja. Mawadda, mjukuu wa Bi Huda, msichana wa chuo kikuu, alisimama kuisoma dibaji kwa sauti ili aonyeshe kuwa Kiswahili anakiweza. Masuda alikaa mbele. Wanawake wale karibu wote walikuwepo siku ya hitima. Walimsikia Lamees. Walicheka wakashika matumbo. Ilipofika ile sentensi alingoja mmoja wao ageuke.

Hakuna aliyegeuka. Bi Huda alikuwa anatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Kweli kabisa," alisema Bi Huda, Mawadda alipokwisha kukaa. "Nakumbuka siku ile. Alikaa kiti kile pale."

Mwanamke wa pembeni yake akasema ndiyo, naye anakumbuka, Masuda alivaa baibui lenye nakshi za kijani. Mwengine akasema si ndiyo siku aliyoigiza mpwa akikoroga sumu? Walianza kusaidiana kukumbuka, kila mmoja akatia kipande chake kwa mapenzi. Kufumba na kufumbua, Masuda alikuwa amekaa kitini hitima nzima, ametamba, amewachekesha. Masuda hakuwa na hata baibui lenye nakshi za kijani. Katika kurasa zake mia moja aliwatafuta watu wa Dol walioudanganya ulimwengu, na daima alimfikiria mtu mmoja chumbani na kalamu. Hakuwahi kuwafikiria waliokaa kusikiliza. Hakujua kuwa kazi kubwa hufanywa na watu wema.

Akamtafuta Lamees. Alikuwa mwisho wa ukumbi na birika la kahawa, anammiminia mzee mmoja. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza habari za mji ambamo hakupata kuishi. Hapo Masuda akaogopa. Akasimama.

"Jamani, nisikilizeni. Sivyo ilivyokuwa. Aliyeanza ni Lamees. Mimi nilikuwa jikoni. Nimeandika vibaya."

Ukumbi ukamcheka kwa huruma. Pale kwao mtu hakubali sifa mara ya kwanza anapopewa. Akisifiwa chakula husema kimeungua, akisifiwa nguo husema ya zamani. Kadiri anavyokana kwa nguvu, ndivyo adabu yake inavyozidi kuonekana.

"Jikoni," alisema Bi Huda. "Mnamsikia? Ndiyo malezi ya marehemu Zahor haya. Msomi mzima, na anajificha jikoni."

"Bi Huda, wallahi nasema kweli."

"Usiape, mwanangu, kwa jambo la kheri. Tumeshajua."

Masuda akamgeukia Lamees mbele ya watu wote. "Wifi, waambie."

Lamees aliweka birika chini. Wanawake walimtazama wakitabasamu, wakimngojea atie mzaha wake. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Wifi ndiye aliyeanza," alisema. "Mimi mwanafunzi wake."

Wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Masuda alikaa, na akapewa kila alichokuwa anakitaka: kiti, jina, watu wanaomgeukia kumuuliza mwezi ujao atawapa kisa gani.

Siku ya pili yake alikwenda Mirdif. Rosette, Mganda aliyefanya kazi pale, alimfungulia mlango, akamwambia madam yuko nyuma. Lamees alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma anakunja nguo za watoto. Hakusimama, lakini alimsogezea kiti.

Masuda alimwambia kuwa ataandika dibaji nyengine, iwe fupi, ya kweli tupu. Atakwenda Deira mwenyewe. Vitabu vyote virudishwe. Lamees alimwacha amalize. Kisha akamwambia kuwa vitabu vimeshakwenda. Bi Huda amepeleka Maskati, na kuna mtu jana jioni amesafiri na vyengine kwenda Unguja, vimo ndani ya sanduku lake.

"Basi kwa nini hukusema?" aliuliza Masuda. "Nilikuomba mbele za watu."

"Uliniomba nini, wifi? Nisimame nikuumbue? Uanafunzi ndiyo nafasi uliyoniachia." Alikunja fulana, akaikunjua, akaikunja tena. "Nyumba hii imejaa wasomi. Kaka yako kila siku, Masuda amesoma, Masuda ana shahada. Mimi nilifika darasa la kumi na mbili, nikaolewa. Nilikuwa na kitu kimoja. Hata hicho kilikuwa chako nusu, nami nilikuwa nakisema kila siku kuwa chako nusu. Nusu haikukutosha."

Masuda alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba jina lake lilitumika kumchomea mtu ndani ya nyumba hii, na lililomtia aibu zaidi ni kuwa kipande cha moyo wake kilifurahi kulisikia.

"Jumamosi utakuja?" aliuliza mwishowe.

"Nitakuja. Nitakaa na wenzangu nisikilize."

"Sijui kusimulia, Lamees. Unajua kuwa sijui."

"Utajifunza."

Hakulisema kwa kejeli. Ndege ilipita juu ikishuka uwanjani, wakangoja ipite kama wanavyofanya watu wote wa Mirdif, maneno yakiwa yamesimama. Sauti ilipopungua Lamees aliweka mikono juu ya nguo.

"Nikuulize kitu. Wale wako wa Dol. Walikaa na huo uaskofu mkuu wao miaka yote ile kabla hawajanyang'anywa. Walifurahi?"

Masuda alifungua mdomo ajibu. Alipitia kichwani kila karatasi aliyoisoma, hoja za Tours, majibu ya Dol, barua za mapapa, kurasa zake mwenyewe mia moja. Wote waliandika nani ana haki na kwa ushahidi gani.

"Hakuna aliyeandika," alisema.

"Ajabu," alisema Lamees. "Ndilo ningetaka kulijua kwanza."

Akachukua rundo la nguo, akaingia nalo ndani. Masuda alibaki kibarazani. Lilikuwa swali zuri kuliko lolote aliloliuliza yeye Rennes, swali ambalo lingeibeba shahada nzima ya udaktari, na mtu wa darasa la kumi na mbili alikuwa amelitoa huku akikunja fulana za watoto. Alijaribu kuona huruma, akajaribu kuona majuto, na vyote viwili vilikuwepo. Lakini kilichotangulia, kikamjaa kifuani hata kabla mlango haujafungwa, kilikuwa ni ule wivu.